Uholanzi, Ubelgiji au Taipei ya China: anayeanza kofiboli aifuate timu ipi?

Kila ninapomweleza mtu kwamba upo mchezo ambao wanaume wanne na wanawake wanne wanachezea timu moja, uwanja mmoja, dakika zilezile, swali lake la kwanza huwa: "Bingwa ni nani?" Hilo halina kazi. Bingwa ni Uholanzi. Mashindano ya dunia ya kofiboli yalianza 1978, hadi ya 2023 yamechezwa mara 12, na Uholanzi imelibeba kombe mara 11. Swali linalonipa kazi ni lile ambalo walimu wenzangu huniuliza baadaye, wakishaonja: nikitaka kuujifunza mchezo huu kwa kutazama, niifuate timu ya taifa ipi?

Ni swali la maana kwa sababu bando halitoshi kutazama kila kitu, na jioni za mwalimu ni fupi. Mimi nimelelewa na mpira wa pete, kwanza kama mchezaji, sasa kama mwalimu wa michezo shuleni, na kofiboli nimeifuata kupitia mechi ambazo shirikisho la kimataifa limekuwa likiziweka YouTube. Nimetazama timu nyingi. Zilizobaki mezani kwangu ni tatu: Uholanzi, Ubelgiji na Taipei ya China, jina ambalo Taiwan hulitumia katika michezo ya kimataifa. Nitaziweka sambamba, kisha niseme mimi nimechagua nini na kwa nini.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Waholanzi huuita korfbal, na korf ni kikapu. Kwa tafsiri ya moja kwa moja ungekuwa "mpira wa kikapu", ila jina hilo kwetu lilishachukuliwa zamani, kwa hiyo naandika kofiboli. Aliyezoea mpira wa pete atajiona yuko nyumbani: hukimbii na mpira, huudundi, unapiga pasi. Baada ya hapo mambo yanabadilika. Kikapu kiko juu mita 3.5, wakati pete iko mita 3.05. Hakina ubao wala wavu. Nguzo yake haisimami kwenye mstari wa mwisho. Imeingizwa uwanjani karibu mita 6.7, kwa hiyo mtu anaweza kufunga akiwa mbele, ubavuni au nyuma ya kikapu. Uwanja wa ndani ni mita 40 kwa 20, umekatwa nusu mbili, na kila nusu ina wachezaji wanne wa kila timu, wanawake wawili na wanaume wawili. Mwanamke hukabwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Yakishafungwa mabao mawili, wote wanahama nusu: waliokuwa wakilinda wanakuwa washambuliaji.

Halafu kuna sheria ambayo ndiyo roho ya mchezo: huruhusiwi kulenga ukiwa umekabwa. Mlinzi wako akiwa karibu na nguzo kuliko wewe, anakutazama, yuko umbali wa kukugusa na ameinua mkono kukuzuia, ukirusha hapo bao halihesabiwi. Ukimzidi mtu kimo, sheria hii haikuachi umrushie juu ya kichwa. Inabidi umwache nyuma, au urudi hatua mbili kabla hajakufikia. Ukitazama mechi yoyote ya timu hizi tatu, kazi yote inayoendelea pale ni kumtoa mtu mmoja kwenye mkono wa mlinzi wake kwa sekunde moja tu.

Uholanzi: kilele, na tatizo la kilele

Mchezo ulizaliwa kwao. Mwaka 1902 mwalimu wa Amsterdam, Nico Broekhuysen, alihudhuria kozi ya walimu huko Nääs, Sweden, akaona mchezo wa kurusha mpira kwenye pete iliyofungwa juu ya mti. Aliporudi darasani kwake aliweka kikapu mahali pa pete, akaandika sheria zake, akawachezesha wavulana na wasichana pamoja. Mwaka uliofuata Waholanzi walikuwa tayari na chama cha taifa. Mchezo ulionyeshwa kwenye Olimpiki ya Antwerp 1920 na ya Amsterdam 1928, na leo ligi yao kuu ya ndani humalizia msimu kwa fainali katika ukumbi wa Ahoy, Rotterdam, mbele ya maelfu ya watazamaji. Mtoto anaingia klabu ambayo wazazi wake walichezea, na huenda hata babu na bibi.

Rekodi yao inafuata hapohapo. Mataji 11 ya dunia kati ya 12. Kwenye World Games, michezo inayokusanya ile isiyomo katika Olimpiki, kofiboli imekuwamo tangu London 1985, na kuanzia hapo hadi Birmingham, Marekani, 2022, dhahabu zote 10 zilikwenda kwa Waholanzi. Ubingwa wa Ulaya ulianza Ureno 1998, na hadi ule wa Antwerp 2021 hakuna mwingine aliyeugusa. Sijui timu nyingine ya taifa, katika mchezo wowote wa mpira, yenye kitabu cha aina hii.

Utakachokiona kwao ni mpangilio uliokomaa. Chukua shambulizi moja. Mchezaji mmoja anasimama karibu na nguzo, mgongo kwa kikapu, akipokea mipira na kuirudisha nje kama mtu anayegawa karata. Mwingine yuko chini ya kikapu, kazi yake ni kushika nafasi dhidi ya mlinzi wake ili mpira ukikosa udondoke mikononi mwake. Wawili wa nje wanazunguka. Yule wa nje anampa mgawaji mpira, anamvuta mlinzi wake hatua moja mbele kana kwamba anakwenda kuupokea ndani, kisha anarudi nyuma hatua mbili za haraka. Mpira unamkuta miguu imeshatulia. Mita saba au nane, mikono miwili, mpira unakwenda juu kabisa na kushuka wima. Ukikosa, haijalishi sana, kwa sababu yule wa chini ameshamfungia mlinzi njia. Mpira unatoka tena nje na shambulizi linaanza upya, almradi saa ya sekunde 25, muda ambao timu inapewa kurusha kikapuni, haijawazuia.

Kwa nini basi sikuambii uifuate Uholanzi, tufunge mjadala? Kwa sababu wanakuonyesha majibu tu, maswali hayaonekani. Katika hatua za makundi hukutana na timu ambazo haziwezi kuwasumbua, mechi inakwisha mapema, na unabaki unaangalia watu wanaofanya sawa kila kitu. Anayeanza anahitaji kuona kosa lilipotokea na lilivyorekebishwa. Pia uwezo ule umejengwa na kitu ambacho huwezi kukinakili kwa kutazama video: zaidi ya miaka 100 ya klabu za mitaani, na ligi inayowakutanisha wachezaji bora kila wiki. Mwalimu mwenye watoto 16 na mipira miwili akijipima kwa kioo kile, atakata tamaa kabla ya muhula kwisha. Nimewaona waliofanya hivyo.

Ubelgiji: waliopoteza fainali kumi

Hapa nataka kukaa kidogo, maana rekodi ya Ubelgiji ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Mtu anaangalia orodha, anaona "wa pili, wa pili, wa pili", anapita. Lakini soma vizuri: kuanzia 1978 hadi 2019, fainali zote 11 za dunia zilikuwa Uholanzi dhidi ya Ubelgiji. Zote. Kwa miaka 41, katika mabara manne, hakuna timu nyingine iliyofanikiwa kuwatoa Wabelgiji njiani. Na 1991, nyumbani kwao Antwerp, walishinda. Hilo ndilo taji pekee la dunia ambalo Uholanzi haikulichukua.

Mchezo kwao una mizizi ya mahali pamoja. Wabelgiji waliuona kwenye ile Olimpiki ya 1920, wakaupenda, na tangu hapo umeshikilia zaidi Antwerp na viunga vyake. Shirikisho la kimataifa lenyewe liliundwa mjini humo 1933. Kwa hiyo tunazungumzia timu ya taifa ambayo kwa sehemu kubwa huchaguliwa kutoka eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa baiskeli siku moja, inayokutana na nchi nzima ya Waholanzi na kila mara inakaribia.

Inakaribia kiasi gani? Tazama fainali mbili. Shaoxing, China, 2011: Uholanzi 32, Ubelgiji 26. Durban 2019: Uholanzi 31, Ubelgiji 18. Ya kwanza ina faida kubwa kwa mwalimu kuliko ya pili, kwa sababu mabao sita katika kofiboli si bahari. Ni mashambulizi machache yaliyokosa shabaha na ribaundi chache, yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu, zilizokwenda upande mwingine. Ukiitazama kwa kusimamisha na kurudisha, unaweza kuona timu iliyozidiwa kidogo ikitafuta njia: inabadilisha nani akae chini ya kikapu, inapunguza kasi, inamtuma mlinzi asimame nyuma ya mshambuliaji ili wawili wagombee ribaundi moja na wa nje waachwe warushe kutoka mbali. Ni kamari, na wakati mwingine inaliwa, lakini unaona mawazo ya kocha yakitembea uwanjani.

Wabelgiji, kwa jicho langu, ndio walinzi bora wa kujifunzia. Angalia miguu yao. Mlinzi wa Kibelgiji haruki kila mpira unapopita. Anateleza kwa hatua fupi, mkono mmoja juu usawa wa macho ya mshambuliaji, mwingine chini kwenye njia ya pasi, na nguzo iko nyuma yake muda wote. Hapo ndipo wachezaji wetu wa mpira wa pete hukosea zaidi wanapohamia huku. Tumewafundisha kukaa umbali wa futi tatu na kunyoosha mikono, sasa wanatakiwa kusogea hadi wamfikie mtu bila kumgusa. Miguu ya Wabelgiji inafundisha umbali huo kuliko maneno yangu yote.

Udhaifu wa kuwachagua? Mmoja: mchezo wao unahitaji nguvu na uvumilivu ambao watoto wa miaka 13 hawana, na mechi zao nzuri ni nzito kutazama kwa asiyejua anachokitafuta.

Taipei ya China: njia ya shuleni

Oktoba 2023 mashindano ya dunia yalifanyika Taipei, na kwa mara ya kwanza tangu 1978 fainali haikuwa ya majirani wawili wa Ulaya. Uholanzi ilicheza na wenyeji. Ikashinda, kama kawaida yake, lakini ile picha ya timu ya Asia kwenye mechi ya mwisho mbele ya watu wake ilinigusa kuliko matokeo. Hawa waliuingiza mchezo kisiwani kwao miaka ya 1980, hawana karne ya klabu, na bado wamefika pale.

Walifikaje? Kwa shule na vyuo. Huko walimu wa michezo ndio waliokuwa wabebaji, kwa sababu mchezo unaochezwa na wasichana na wavulana pamoja, kwa mpira mmoja na nguzo mbili, unafaa darasa lilivyo. Kwa miaka mingi wamekuwa timu kuu ya Asia na Oceania, na katika mashindano makubwa wamekuwa wakigombea medali mbele ya nchi za Ulaya zilizowatangulia kwa miongo.

Mtindo wao umetokana na hali yao. Mara nyingi hawana vimo vya kugombea mipira ya juu na Mholanzi wa mita mbili, kwa hiyo wanacheza kwa miguu. Pasi fupi, kukimbia bila mpira, kubadilishana nafasi hadi mlinzi ajikwae na mwenzake. Bao lao ninalolipenda ni hili: msichana wa nje anapiga pasi kwa mwenzake aliye karibu na nguzo, wala hasubiri, anapita begani mwa mlinzi wake kwa kasi, anarudishiwa mpira akiwa tayari ameshamtangulia, na kwa hatua ileile anaupandisha kwa mikono miwili kutoka chini, taratibu, kama anayeweka yai kwenye kiota. Mlinzi yuko nyuma, kwa hiyo hajakabwa. Bao halali, na hakuna kimo kilichohitajika.

Mtoto anaweza kuiga hilo siku hiyohiyo. Ninajua kwa sababu tulijaribu. Tulichukua kikapu cha ukindu, tukakitoa kitako, tukakikaza kwa waya juu ya mti wa mkaratusi, mita tatu na nusu kwa kipimo cha fundi, tukausimika kwenye uwanja wetu wa vumbi. Nikawaonyesha vipande viwili vya Taipei kwenye simu, wamejazana mabegani mwangu. Dakika 20 baadaye walikuwa wanapitana na kurudishiana mpira. Mabao mawili yalipofungwa nikapuliza filimbi ya kubadilishana. Binti mmoja ambaye miaka yote amekuwa GD wa mpira wa pete, yaani mlinzi asiyeruhusiwa kufunga, akajikuta upande wa kushambulia, mpira mkononi, hakuna mtu mbele yake. Akaniangalia: "Mwalimu, mimi ni GD!" Nikamwambia hapa hakuna GD, rusha. Akarusha, ukagonga mdomo wa kikapu ukatoka. Akaufuata mwenyewe, akaurusha tena. Tangu siku ile ndiye anayenikumbusha kubeba mpira.

Kasoro ya Taipei kama kioo ni kwamba ukiwatazama wao peke yao hutajifunza vya kutosha kuhusu ribaundi. Timu yako ikishakua na kukutana na watu warefu, utahitaji kurudi kwa Wabelgiji.

Na Afrika Kusini?

Nimeulizwa, na ni haki. Afrika Kusini iko karibu nasi kwa ramani kuliko zile tatu, imecheza mashindano kadhaa ya dunia, na Agosti 2019 iliyaandaa Durban, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara letu, timu 20. Kama una nafasi ya kuandikiana na makocha au kwenda kozi, elekea huko kabla ya kuwaza Ulaya. Nauli ni nafuu na hali ya viwanja inafanana na yetu kuliko ya Rotterdam. Kwa kujifunza kwa video, bado naziweka zile tatu mbele.

Basi uchague ipi

Kama wewe ni mtazamaji tu, unataka kuona mchezo ukichezwa kwa ukamilifu wake, na huna timu ya kufundisha kesho asubuhi: Uholanzi, bila kusita. Anza na fainali, usianze na mechi za makundi.

Kama ni kocha mwenye wachezaji watu wazima, hasa waliotoka mpira wa pete au mpira wa kikapu, miili yao imeshakomaa na wanajua kushindwa: Ubelgiji. Chukua ile fainali ya 2011, wape wachezaji wako kazi ya kumtazama mlinzi mmoja tu kwa robo saa, wasifuate mpira. Watalalamika, kwa sababu macho hupenda mpira. Washikilie hapohapo. Wakimaliza waulize nguzo ilikuwa wapi kila mlinzi yule aliposogea.

Kama ni mwalimu wa shule unayeanza na watoto, wasichana na wavulana ambao hawajawahi kupasiana mpira: Taipei. Hili ndilo chaguo langu mwenyewe, na ningelirudia hata kama fainali ile ya 2023 wasingeifikia. Rekodi ya Uholanzi inaniambia nani ni bora. Rekodi ya Taipei inaniambia kwamba mchezo ulioanzia mikononi mwa walimu unaweza kufika fainali ya dunia ndani ya kizazi kimoja na nusu, na mimi ni mwalimu.

Jambo moja la utekelezaji, kwa atakayejaribu wiki hii. Usianze na wachezaji 16. Anza na nusu moja ya uwanja, wanne kwa wanne, nguzo moja, na usiweke saa. Acha sheria ya kukabwa iingie siku ya kwanza, hata kama italeta ubishi kila rusho la tatu, kwa sababu ukiiacha kwa wiki mbili wale warefu watazoea kusimama chini ya kikapu na hutawatoa tena. Kikapu kikaze kwa waya sehemu tatu. Chetu tulikifunga sehemu mbili, na kwenye mvua za Machi kilianza kuinama upande wa magharibi.